Machweo Yamekataliwa

Bajaji inayonipeleka kazini ina mapazia ya zambarau, stika za Simba na Yanga kwa pamoja, na nyuma imeandikwa "Mtanikumbuka". Dereva wake hakuomba kibali popote. Mimi, mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, siruhusiwi kubadilisha picha ya skrini ninayoikodolea macho kutwa nzima.

Picha yenyewe ni ya jengo letu la ofisi. Yaani nimekaa ndani ya jengo, natazama jengo. Nikijaribu kuweka machweo ya Pangani, yanatokea maandishi ya kijivu: mipangilio hii inasimamiwa na shirika lako. Nikamfuata kijana wa TEHAMA.

"Shikamoo mzee. Hilo ni suala la usalama."

"Marahaba. Machweo yanaiba nini?"

"Mzee wangu, leo machweo, kesho mtu ataweka shangazi yake."

Sikuona shangazi wa mtu angedhuru nini, lakini kijana alikuwa amesharudi kwenye skrini yake. Yenye picha ya Messi.

Na tusidhani nyumbani kuna nafuu. Zamani tuliachiwa: Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuja na rangi zilizoitwa Hot Dog Stand, nyekundu na njano za kuumiza jicho, na mtu akajiumiza kwa hiari yake. Mwaka 2009 ikaja Windows 7 Starter, ya kompyuta ndogo za bei nafuu, ambayo haikukubali ubadilishe hata picha ya skrini mpaka ulipie toleo la juu. Ukosefu wa hela ukapewa sare. Kisha Windows 11 ya 2021 ikatoka na ule utepe wa chini, ambao kwa zaidi ya miaka ishirini watu waliuhamishia juu au ubavuni, umegandishwa palepale chini.

Basi nikachapisha machweo yangu steshenari na kuyabandika kwa selotepu pembeni mwa skrini. Wenzangu wakaiga: wajukuu, maua, hata mbuzi mmoja wa Idd. Ofisi ikachangamka. Ukaja waraka kutoka utawala kupiga marufuku kubandika picha kwenye vifaa vya ofisi, umeandikwa kwa herufi za waridi zenye vivuli.

Picha tumebandua. Ila utawala, kama mnasoma hapa, nawaomba mtupigie jengo hilo picha nyingine. Kwenye hii ya sasa, mbele ya mlango mkubwa limeegeshwa gari la mkurugenzi mliyemfukuza.