Binti Akishinda, Napigwa Mimi

Wapo wazazi wanaofunga na kuomba watoto wao wafike mbali kwenye michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA. Mimi naomba wangu atolewe mapema, ikiwezekana ngazi ya kata, hapa hapa Tarime, arudi kwa miguu ale ugali wa kwao.

Akiishia shuleni, ananidai raba tu. Akivuka kata, trakisuti, tena ya rangi anayoitaka mwalimu. Akivuka wilaya ni kambi: godoro, ndoo, sabuni na pesa kidogo ya dharura. Dharura yenyewe ni soda.

"Baba Bhoke, hongera! Mtoto kavuka!" mwalimu alinipigia usiku. Nikamshukuru kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Tukaenda Musoma kwenye mashindano ya mkoa. Tarime na Serengeti mwaka mzima tunaoana, siku ile hata salamu hakuna. Watoto wenyewe walikuwa wanagawana miwa. Wenye shida tulikuwa sisi tuliosimama pembeni ya mstari. Shemeji yangu wa Mugumu, upande wa Serengeti, ambaye hajawahi kushika mpira wa netiboli, alikuwa anamfundisha refa kazi: "Hatua hizo, mama! Hatua! Huoni?" Binti yake akamwangalia, akajificha nyuma ya nguzo ya goli.

Kwenye soka ndiyo usiseme. Kulikuwa na beki mwenye ndevu za kumtosha balozi wa nyumba kumi. Nikauliza, huyu mura ana miaka mingapi? Mwalimu wake akanijibu, "Mzee, maziwa ya kwao hayo." Vijeba tunao tangu zamani. Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 ikaenguliwa kwa mambo hayo hayo ya umri. Jina la kwetu, aibu tukagawana na nchi nzima.

Sasa binti yangu anatajwa timu ya mkoa, yaani fainali za taifa. Mwaka 2019 fainali zilikuwa Mtwara. Mtwara! Utoke huku Sirari, jirani na Kenya, uende mpaka kwa majirani wa Msumbiji, kufunga magoli. Na yuko darasa la saba, mtihani Septemba. Mwalimu wa michezo anasema atasoma kambini. Mwalimu wa hesabu akisikia hivyo anacheka, halafu anaacha kucheka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waziri wa Elimu, Joseph Mungai, aliifuta michezo hii mashuleni, watu wakamlaani. Nami nilimlaani sana. Nilikuwa sijazaa.

Mama Bhoke kashajua ninachoomba usiku. Godoro la mtoto lilirudi kutoka Musoma limelowa na kuchanika, kwa hiyo ameamua binti aende na letu. Mimi nimeonyeshwa jamvi.