Shangazi na Safu Zisizosema Kweli

*Shangazi, shikamoo. Natengeneza mfumo wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi. Nimeongeza safu ya Jumla: bei 15000, usafiri 2000. Jumla inasoma 150002000. Mwenye duka kafurahi, mimi silali.*
Mkesha Hoi, Temeke

Marahaba mwanangu. Mwenye duka mwache afurahi mpaka siku ya kulipa kodi. Namba zako zimetoka kwenye fomu zikiwa bado maandishi, na kwenye JavaScript alama ya kujumlisha ikikuta maandishi hujumlishi kitu, unaunganisha tu. Alama ya kuzidisha haina tabia hiyo, yenyewe hugeuza maandishi kuwa namba kimyakimya, ndiyo maana safu ya Bei mara Idadi, kama unayo, haijakusumbua. Zigeuze namba mlangoni, data inapoingia, usisubiri ifike kwenye safu. Na uangalie alama za mkato: "15,000" ukiipitisha kwenye parseInt unabaki na 15. Elfu zote zimeliwa na hakuna aliyepiga kelele.

*Shangazi, bosi anataka wateja wapangwe kwa faida, mkubwa juu. Nikibofya kichwa cha safu wanapangwa vizuri, lakini mteja wake mkubwa kuliko wote haonekani. Sasa ofisini naitwa mwongo.*
Msingiziwa, Nairobi

Pole. Seva inakuletea wateja 50 kati ya maelfu, na safu ya faida inazaliwa kwenye kivinjari. Basi kivinjari kinapanga hao 50 kilio nao. Huyo mteja mkubwa yuko ukurasa wa tisa, anasubiri kuitwa.

Hamishia hesabu kwenye kanzidata. Ikiwa inatumia vitu vya mstari uleule tu, PostgreSQL tangu toleo la 12 la mwaka 2019 inakubali safu inayojikokotoa yenyewe, na MySQL ilianza mapema zaidi, toleo la 5.7. Ikiwa inachungulia jedwali la jirani, safu ya namna hiyo itakugomea, kwa hiyo hesabu iandike ndani ya swali lenyewe la SQL. Na ile jumla ya chini ya jedwali, kama ni ya ukurasa mmoja, iandike hivyo hivyo: "Jumla ya ukurasa huu". Bosi asije akaipeleka benki.

*Shangazi, bei zetu zina VAT ndani. Kwenye bei ya 11,800 safu yangu inatoa kodi ya 2,124. Mhasibu hataki hata kuniona.*
Mnyonge, Arusha

Mhasibu ana haki. Kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara ni asilimia 18 ya bei kabla ya kodi, wewe unaitoza kodi yenyewe kodi. Zidisha kwa 18, gawanya kwa 118. Utapata 1,800. Mwombe radhi, umpelekee na soda.

*Shangazi, wakubwa wa kazi walinifundisha: kinachoweza kukokotolewa usikihifadhi. Nikatii. Saruji ilipopanda nikabadili bei kwenye orodha ya bidhaa, na risiti za Machi zikapanda nazo. Mteja ana karatasi yake mkononi na haifanani na skrini yangu.*
Mtiifu, Mwanza

Hii barua nimeisoma mara mbili. Wakubwa wako walisema kweli, ila hawakumaliza sentensi. Bei ya kwenye orodha ni ya leo. Bei ya kwenye risiti ni ya siku ile watu wawili walipokubaliana, na siku ile haikokotoleki tena kutoka popote. Kwa hiyo kila mstari wa mauzo ubebe bei yake ya siku hiyo, punguzo lake, na kiwango chake cha kodi pia, maana Bunge nalo hubadili viwango. Ukishavihifadhi hivyo, Jumla endelea kuikokotoa bila wasiwasi, kwa sababu inachokitegemea hakisogei.

Za Machi usizisahihishe kwa kukisia. Omba nakala za karatasi, hata kama ni boksi zima, ukae uingize.

Nawaomba wengine mnaoandika: leteni mistari mitatu ya data pamoja na fomula yenu. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, tena kwa pembeni, Shangazi haijibu.