Springi Nyekundu kwa Gari la Kubebea Keki

Gari langu ni Toyota IST ya injini ya lita 1.3. Siku sita za wiki kazi yake ni kunitoa Goba, kunifikisha mjini na kunirudisha. Siku ya saba, ambayo ndiyo inayolipa ada za shule, linabeba keki. Mke wangu anaoka keki za harusi, za kipaimara na za kuagwa kwa bibi harusi, zile za ghorofa tatu, na keki ya ghorofa tatu haina subira na tuta. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba ushauri huu umepimwa barabarani, tena mbele ya mashahidi.

Ukitaka kuboresha springi na shokapu za gari la kila siku, sharti la kwanza ni kutoliuliza gari lenyewe linaumwa nini. Gari likianza kugonga ko-ko-ko mbele kushoto, mtu asiye na ndoto atalipeleka kwa fundi. Fundi atalipiga jeki, atatikisa tairi, atachomeka nondo kwenye wishiboni na kumwonyesha bushi iliyopasuka. Bushi yenyewe ni kipande cha mpira na chuma, kimo chake hakizidi kikombe cha kahawa. Inabadilishwa asubuhi moja, pesa inayotoka ni ya kawaida, mlio unakwisha, na wewe unabaki huna cha kusimulia. Sijawahi kuona mtu ameweka bushi kwenye stetasi. Kwa hiyo mlio ukianza, ongeza sauti ya redio na uanze kudunduliza za springi.

Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho nakusihi ukikwepe. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Ndani ya shokapu mna pistoni inayoyalazimisha mafuta kupenya kwenye vitundu vidogo, na kule kurukaruka kwa springi kunageuka joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye barabara ya makorongo ukaigusa shokapu nzima, utaikuta ina moto, na iliyokufa utaikuta imepoa kama haikuwepo safarini. Basi, ukikandamiza gari kwa nguvu kwenye kona moja, juu ya tairi, kisha ukaliachia, lenye shokapu nzima linainuka na kutulia. Lenye shokapu zilizokufa linafanya kama mzee anayesinzia kanisani: linainama, linainuka, linainama tena. Kipimo hiki ni cha dakika moja na kitakuvunja moyo, kwa sababu dawa yake ni shokapu nne mpya za kawaida, za namba ileile ya kiwandani. Nyeusi. Hata gari likiwa juu ya jeki hakuna atakayezitazama.

Habari ya upepo nayo iache. Kwenye mwimo wa mlango wa dereva kuna kibandiko kilichokuja na gari kutoka Japani. Maneno yake huyajui lakini tarakimu ni zilezile: kikisema 220, hizo ni kilopaskali, sawa na 32 kwenye geji ya fundi tairi. Fundi tairi wa jirani yangu ana msimamo mwingine. Yeye anajaza mpaka 45, kwa hoja kwamba tairi ngumu haipati pancha. Tairi yenye 45 inageuka jiwe, kila kokoto inaipokea na kuipeleka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wako, nawe unapata ushahidi mzuri kwamba springi zako zimechoka.

Sasa tuingie kwenye uamuzi wenyewe, ambao ni mmoja tu: gari lipande au lishuke. Hapa usitumie barabara unayopita kama kigezo. Tumia shemeji. Kila familia ina shemeji anayejua magari, na wa kwangu ni wa chama cha kunyanyua.

Kunyanyua kuna njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni spesa, kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya kichwa cha shokapu. Gari linapanda, bampa inaliepuka tuta, na hiyo ni faida ya kweli, siikatai. Lakini shokapu ni ileile na springi ni ileile. Hakuna hata sentimita moja ya mnepo iliyoongezeka. Kinachobadilika ni pembe ya draivu shafti, ambayo sasa inafanya kazi ikiwa imepinda kuliko ilivyokusudiwa, mpaka buti lake linapasuka, grisi inamwagika, vumbi linaingia, na siku moja ukikata kona kuingia kwako majirani wanasikia kra-kra-kra na kujua umerudi. Njia ya pili ni ile mipira inayopachikwa katikati ya koili za springi. Hii ni rahisi zaidi na fundi anaiweka wewe ukinywa soda. Koili iliyobanwa na mpira imestaafu, haifanyi kazi tena, na springi inabaki kutegemea zilizosalia. Gari litakuwa juu na litakuwa gumu, mambo mawili ambayo shemeji anayaita uimara.

Shemeji huyo, akibanwa, hukimbilia Safari Rally. Anasema magari ya Safari yalinyanyuliwa na yalikuwa magumu, ndiyo maana yalishinda. Ni kweli mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara ambazo leo hata bodaboda angeomba aongezewe nauli. Usimwambie, hata hivyo, kwamba mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, la milango minne, la kupeleka watoto shule. Sifa ya Peugeot za enzi hizo ilikuwa springi laini zenye mnepo mrefu: tairi inazama shimoni, abiria anaendelea na mazungumzo. Ukimweleza shemeji hayo utaharibu Jumapili ya watu.

Chama cha kushusha kina vijana zaidi na mashine ya kukatia chuma. Njia yao ya bei nafuu ni kukata koili. Springi yenye koili sita zinazofanya kazi ukiikata mbili, inabaki na nne, na ugumu wake unapanda kwa nusu nzima, maana springi fupi ya waya uleule ni ngumu kuliko ndefu. Kwa hiyo umepunguza nafasi ya tairi kupanda, na papo hapo umelinyima gari upole wa kuitumia nafasi iliyobaki. Kwenye matuta utapita mshazari, tairi moja moja, huku daladala nyuma yako ikikuombea dua kwa honi.

Wafaransa, nasikitika kusema, walipotea kabisa katika mambo haya. Citroën walipoiunda 2CV, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948, sharti walilojiwekea ni kwamba mkulima aweze kukatiza shamba lililolimwa akiwa na kikapu cha mayai bila yai kuvunjika. Yaani walianza na mzigo, ndipo wakaja kwenye springi! Matokeo yake likatoka gari linalolala kwenye kona kama ngalawa ya Bagamoyo iliyoshikwa na kusi, na mayai yakafika. Ningekuwa na mtu kama huyo kwenye ukoo nisingemkaribisha kwenye kikao cha magari.

Mimi nilichagua njia ya watu waliosoma. Nilikwenda Gerezani na kununua seti kamili ya kurekebishika, shokapu zenye nyuzi za kupandisha na kushusha, springi nyekundu nne, na juu ya kila shokapu kitufe cha kuzungusha chenye ngazi 32 za ugumu. Muuzaji alinieleza kwamba zimejaribiwa Ujerumani, Nürburgring, kwenye njia ya karibu kilomita 21 yenye kona zaidi ya 70. Nilitaka kumuuliza kama huko kuna rasta, zile mbavu za lami zinazokutangulia kabla ya pundamilia, lakini nikaona ni swali la kishamba. Nikalipa. Naweza kuripoti kwamba kati ya ngazi 32 nimezitumia mbili, ngumu na ngumu zaidi, na kwamba kwenye foleni ya Mwenge, kwa mwendo wa kilomita nane kwa saa, gari lilishika barabara vizuri mno.

Fundi aliyezifunga alinishauri jambo moja nikamkatalia. Mbele ya gari kama hili, shokapu haitulizi springi tu. Ni sehemu ya mhimili unaoishikilia tairi isimame wima, mpango uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940. Ukiigusa shokapu umeigusa tairi.

"Bosi, ukitoka hapa pitia alaimenti," akasema.

"Linavuta upande?"

"Bado. Litaanza."

Nikaona ananitafutia gharama. Baada ya miezi miwili tairi za mbele zilikuwa zimeliwa upande wa ndani mpaka waya unachungulia, huku upande wa nje, ule wanaouona watu, kashata zikiwa bado zimesimama. Huo ndio uzuri wa kutopima alaimenti: uharibifu wake una adabu, unajificha.

Rimu kubwa sitazizungumzia sana. Ukitoka inchi 15 kwenda 17, tairi inakuwa bapa na ule mpira wa ubavuni, ambao ndio springi ya kwanza kabisa ya gari na haukukugharimu kitu, unakatwa na kubaki unene wa andazi. Shimo moja la Makongo litakumalizia maelezo.

Nirudi kwenye keki. Jumamosi moja tulikuwa na ya ghorofa tatu, ya kupeleka ukumbini Sinza. Mke wangu aliiweka kwenye kiti cha nyuma, juu ya ubao, akaikinga kwa mito miwili na taulo, akakaa pembeni yake kama muuguzi. Mimi, kwa kuwa ulikuwa mzigo wa heshima, niliweka kitufe kwenye ngazi ya 20. Kutoka Goba mpaka Makongo niliendesha kwa mwendo wa maandamano. Kwenye rasta za kwanza nilisikia nyuma sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa meno. Kwenye tuta la tatu sauti ikakoma, na hilo lilinitisha zaidi.

Tulipofika, ghorofa ya juu ilikuwa imehamia upande wa dereva. Ya kati ilikuwa na ufa unaofanana na ramani ya Mto Rufiji. Bwana harusi wa plastiki alikuwa bado amesimama, lakini bibi harusi alikuwa amezama kwenye krimu mpaka kiunoni, mikono juu. Mke wangu alifanya kazi dakika arobaini nyuma ya jukwaa, kwa kisu na mfuko wa krimu, bila kusema neno. Tukiwa njiani kurudi ndipo akauliza, kwa upole ambao mwanamume aliyeoa anaujua vizuri:

"Baba watoto, hili gari umelitengeneza au umelikasirisha?"

Nilimweleza kwamba springi mpya zinahitaji muda kuzoea. Wiki iliyofuata nilikwenda Dodoma kikazi, siku tano. Niliporudi, gari lilikuja kunichukua stendi likiendeshwa na yeye mwenyewe. Nilipanda, tukaondoka, na tulikuwa tumeshapita matuta mawili kabla sijagundua kwamba yalikuwa matuta. Mlio wa mbele kushoto, ule wa siku zote, haukuwepo. Kwenye droo ya dashibodi nilikuta karatasi ya gereji imekunjwa mara nne: bushi za wishiboni, linki mbili, mauntingi mbili, shokapu nne za kawaida, kurudisha springi za zamani, alaimenti, tairi mbili, upepo 32. Jumla yake ilikuwa chini ya nusu ya nilichoacha Gerezani. Niliirudisha karatasi nilipoikuta. Kwenye foleni ya jioni nimeshawaeleza wenzangu watatu kwamba nilifanya utafiti wa kina.

Springi nyekundu ziko jikoni. Mke wangu amezisimamisha zote nne sakafuni, akaweka ubao juu yake, na hapo ndipo anapopangia keki za ghorofa na kuzipaka krimu. Ubao hautikisiki hata kidogo. Nimeujaribu mwenyewe kwa kuukandamiza kona moja na kuuachia. Shemeji alipokuja Jumapili alichuchumaa pale kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye koili, akauliza ni za kampuni gani na kama naweza kumuuzia.