Bugaluu Hajazeeka, Ila Kiuno Kimeongezeka

Bugaluu, au pekosi kama wengine walivyoiita, ni suruali iliyobana mapajani na kupanuka kuanzia gotini hadi kukifunika kiatu, ambayo pamoja na nywele za afro na viatu vya soli nene vilivyojulikana kama raizoni ilikuwa kama sare ya vijana wa mijini nchini Tanzania katika miaka ya 1970, wakati bendi kama Afro 70 ya Patrick Balisidya zilipokuwa zikijaza kumbi za dansi. Nyimbo za wakati huo leo huitwa zilipendwa, yaani zile zilizopendwa zamani na ambazo, kwa hukumu ya walioziimba wakiwa na meno yote, hakuna wimbo wa baadaye unaozifikia. Kila unapoandaliwa usiku wa zilipendwa, masanduku ya bati hufunguliwa, na mafundi cherehani hupata kazi ya kuongeza viuno.

Mazungumzo yafuatayo ni ya wahusika watatu waliokutana kwenye meza ya fundi mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam: Bugaluu wa kahawia, aliyeletwa na mzee mwenye mali ili aongezwe kiuno, Jinzi mwenye miguu mipana, aliyenunuliwa katika soko la mitumba la Karume na mjukuu wa kike wa mzee huyohuyo, na ambaye alihitaji kupunguzwa urefu tu, na Bi Cherehani, mashine ya kukanyaga kwa miguu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiishonea na kuifumulia familia hiyo nguo zake. Wahusika hawa, kama ilivyo desturi ya waheshimiwa wanapohutubia, hujitaja kwa majina yao.

JINZI: Shikamoo, babu.

BUGALUU: Marahaba, mjukuu. Miguu hiyo mipana umeirithi kwa Bugaluu, hata kama hakuna aliyekuambia, na inatia moyo kuona kwamba vijana, baada ya kupotelea katika modo zilizobana hadi kwenye kifundo, na kabla ya hapo katika kata K, ule mtindo wa kuishusha suruali mpaka chupi ikasalimiana na wapita njia, hatimaye wamerudi kwenye mavazi ya heshima ya zamani.

BI CHEREHANI: Heshima hiyo ni ya mwaka gani, mzee? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni iliyopangwa kuanza Januari 1969 ili kukomesha minisketi, wigi, kaptura fupi, nguo za kubana na krimu za kung'arisha ngozi, kwa hoja kwamba hayo yote ni utamaduni wa kigeni; na kabla hata tarehe yenyewe haijafika, makundi ya vijana yalikwisha kuanza kusimamisha mabasi hapahapa Kariakoo na kuwasumbua wasichana kwa sababu ya nguo zao.

BUGALUU: Bugaluu anayakumbuka hayo vizuri sana, na kwa kweli yalikuwa mambo ya wachache.

BI CHEREHANI: Bugaluu alikatwa kwenye meza hii mwaka 1974. Anachokikumbuka ni hadithi alizozisikia sandukuni, na siku aliyovaliwa mara ya kwanza, baba mzazi wa mzee alisimama mlangoni akauliza kama kijana amepewa kazi ya kufagia barabara.

Bugaluu alinyamaza kidogo, kisha, kama wafanyavyo wengi wanapobanwa na tarehe, akahamia kwenye uchumi.

BUGALUU: Lakini nguo zilikuwa zetu. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilifuma vitambaa vya nchi, na mtu alivaa jasho la mkulima wake, si mabaki ya Wazungu.

BI CHEREHANI: Urafiki walifuma pamba, wakatoa kanga na vitenge. Wewe ni terilini, kitambaa cha nyuzi zinazotengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, na hakuna mkulima wa Shinyanga aliyewahi kukupalilia.

JINZI: Babu asikasirike, kwa sababu ukoo wa Jinzi una aibu kubwa zaidi.

BUGALUU: Aibu ipi? Magoti yaliyopauka namna hiyo ni ushahidi wa kazi. Umelima wapi?

JINZI: Hakuna kazi yoyote iliyofanyika. Magoti haya yalichakazwa kiwandani kabla suruali haijauzwa, maana jinzi hufuliwa katika mapipa makubwa pamoja na mawe mepesi ya volkano, au huunguzwa kwa miale ya leza, ili mnunuzi apate nguo mpya yenye sura ya kuishi muda mrefu. Njia nyingine ilikuwa kuipuliza mchanga kwa mashine ya hewa, na vumbi lake likawapa wafanyakazi silikosisi, ugonjwa unaoyakakamaza mapafu, hadi Uturuki ikaipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009.

BUGALUU: Yaani watu wameugua ili suruali ionekane kuwa na kumbukumbu?

JINZI: Kumbukumbu zisizo zake. Msichana wa Ulaya aliyemnunua Jinzi hakuwa amezaliwa miaka ya 1970. Aliuziwa ujana wa bibi yake kwa msimu mmoja, akachoka nao, ukatiwa kwenye belo, yaani robota la nguo zilizokwisha kuvaliwa, na likafunguliwa Karume asubuhi huku wateja wakigombania gredi ya kwanza. Babu anasema mtindo umerudi. Yule aliyeufungasha anajua kwamba ameutupa.

Hapa ni haki kusema kwamba Jinzi alitia chumvi, kwani mjukuu wa mzee alimchagua kwa jicho lake mwenyewe katikati ya lundo, naye hakuwa akitafuta ujana wa mtu yeyote. Hata serikali zimeshindwa kuamua kama mitumba ikubaliwe au ikataliwe: mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafuu za kibiashara, nchi nyingine zikalegeza kamba, na Rwanda, iliyoshikilia ushuru wake mkubwa, ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru mwaka 2018.

BUGALUU: Angalau ndugu za Bugaluu hawakutupwa.

BI CHEREHANI: Hawakutupwa, walipunguzwa. Baada ya Vita vya Kagera, tulivyopigana na Uganda, vitambaa viliadimika, watu wakapanga foleni hata kwa kanga na sabuni, na mtindo nao ulikuwa umegeuka. Wenye bugaluu walizileta hapa moja baada ya nyingine, zikakatwa pembeni zikawa suruali nyembamba, na vile vipande vya pembetatu vikawa viraka. Wewe ulipona kwa sababu mwenyewe alikusahau, na sasa anaapa kwamba alikuhifadhi.

Wakati huo fundi alikuwa amefumua mshono wa nyuma wa kiuno, mahali ambapo mafundi wa zamani waliacha akiba ya kitambaa kwa ajili ya siku kama hizo. Ndani ya mkunjo palikuwa na ukanda usiozidi upana wa vidole viwili, wa kahawia iliyokolea, ambao haukuwahi kuona jua, na ukiwekwa karibu na sehemu nyingine ya suruali ulifanana na nguo ya mtu mwingine kabisa.

JINZI: Kumbe babu alikuwa na rangi!

Kabla Bugaluu hajajibu, mzee mwenyewe aliingia, akaliona jinzi la mjukuu mezani, akalishika kwa ncha za vidole na kumwagiza fundi alibane miguu kidogo, kwa sababu mtoto wa kike hawezi kutembea akifagia barabara. Fundi aliweka futi kwenye pindo la jinzi, kisha, kwa uzoefu tu wa mikono, kwenye pindo la bugaluu, akaona kwamba la mzee ndilo pana zaidi, na kwa kuwa malipo yalikuwa bado, hakusema neno.

JINZI: Babu, sema! Wewe ndiwe shahidi.

BUGALUU: Bugaluu ana kazi moja tu usiku wa leo, mjukuu, nayo ni kulishikilia tumbo la mzee.

BI CHEREHANI: Basi alishikilie vizuri, maana akiba ya kitambaa imekwisha.