Kengele ya Shule Isubiri Uchambuzi Uishe

Kwa Afisa Elimu wa Mkoa,
Kilimanjaro.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUCHELEWESHA KENGELE YA ASUBUHI BAADA YA MECHI KUBWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua barua ya namna hii ilipaswa ipitie kwa mwalimu mkuu, kisha kwa Afisa Elimu Kata, kisha wilayani, kila meza ikigonga muhuri wake, ndipo ikufikie. Nimepiga hesabu nikaona barua inayohusu kuchelewa nayo ingechelewa. Ndiyo maana nimeileta wazi.

Mimi ni mzazi wa huku Uru. Nina kihamba chenye migomba na mibuni michache iliyobaki, na ni mteja wa kudumu wa benchi la pili katika kibanda umiza cha kijijini kwetu. Wenzangu wa benchi hilo ndio walionituma. Tunaomba kila baada ya mechi kubwa, shule zote za mkoa huu zifunguliwe saa nne asubuhi. Siku nzima ya mapumziko hatudai, sisi ni watu wa kiasi.

Wenzetu walishaanza. Senegal ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika usiku wa Jumapili, 6 Februari 2022, Rais Macky Sall aliifanya Jumatatu yake kuwa sikukuu. Saudi Arabia wala haikuchukua kombe. Iliifunga Argentina 2-1 katika mechi ya kwanza tu ya makundi ya Kombe la Dunia kule Qatar, tarehe 22 Novemba 2022, na kesho yake wafanyakazi na wanafunzi wakapewa mapumziko nchi nzima. (Baadaye Saudia ikatolewa kwenye makundi na Argentina ikabeba kombe, lakini sikukuu ikishaliwa hairudishwi.) Uingereza nako, fainali ya Euro ilipochezwa Wembley usiku wa 11 Julai 2021, baadhi ya shule ziliwaruhusu watoto waje wamechelewa Jumatatu. Walifungwa na Italia kwa penalti. Maana yake hata kufungwa ni sababu halali ya kulala, na wana Simba wa benchi letu wameniomba jambo hilo nilipigie mstari.

Sasa turudi nyumbani.

Jumapili, 5 Novemba 2023, Yanga iliifunga Simba mabao matano kwa moja. Mechi ilianza saa kumi na moja jioni na saa moja usiku ilikuwa imekwisha. Asiyejua mpira atauliza: kama iliisha mapema namna hiyo, uchovu wa Jumatatu ulitoka wapi? Huyo hajui kwamba dakika tisini za mpira zina uchambuzi wa saa sita. Bao la Musonda la mapema lilijadiliwa kilabuni mpaka mbege ya pipa la kwanza ikakauka. Kibu Denis aliposawazisha, kuna waliosema mchezo ulikuwa bado. Kisha mawili ya Maxi Nzengeli, la Aziz Ki, penalti ya Pacôme, na kila bao lilikuwa na wasemaji wake ambao hawakutaka kukatizwa. Hata Robertinho, kocha wa Simba, hakuimaliza wiki ile akiwa kazini. Kama kocha alipumzishwa, mwalimu wa hesabu amekosa nini?

Asubuhi yake huku juu mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye geti la shule moja ya ukanda wetu, ambayo sitaitaja kwa kuwa baadhi ya walimu wake ni wenzangu wa benchi, niliona jambo lililonifanya nishike kalamu. Watoto wengi walikuwa wameshafika. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, mchakamchaka umekwisha, nyimbo zimeimbwa, na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi ilikuwa imegongwa na kiranja, kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa hajatokea. Nje ya mstari walisimama watoto watatu waliochelewa. Mmoja, binti wa darasa la nne au la tano hivi, alikuwa amebeba viatu mkononi ili visichafuke. Alikuwa anajifuta matope ya miguuni kwa jani la mgomba, taratibu, kidole kwa kidole, na kidumu chake cha maji cha lita tano kilikuwa pembeni, kimejaa. Hakuwa amemwaga hata tone.

Mwalimu wa zamu akaja kwa bodaboda, saa mbili imekwishapita. Chini ya koti ilionekana kola ya jezi ya kijani. Akamuuliza binti, "Kwa nini umechelewa?"

"Mfongo ulibomoka, mwalimu. Njia ilikatika, nikazungukia kwa juu." Mfongo ndio mfereji wetu wa kuleta maji vihambani.

"Kila siku mfongo?"

Akapata viboko viwili. Kisha mwalimu akaingia ofisini, na mwenzake akamuuliza kwa nini amechelewa. Akajibu kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Tano, ndugu yangu! Nani alilala?" Ofisi nzima ikacheka, hata yule wa Simba, ingawa yeye alicheka kwa wajibu.

Kwa hiyo Ndugu, tatizo letu ni la kisheria. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema visizidi vinne, zinasema avitoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, na zinataka kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Hakuna mahali zinapotaja mechi. Matokeo yake mwalimu wetu anaponea kwa huruma ya wenzake tu, bila kifungu cha kumlinda. Siku akija mkaguzi asiyependa mpira, atajitetea kwa lipi? Tunaomba saa nne iandikwe, ili anachokipata kwa kicheko akipate kwa haki.

Ushahidi unaotuangusha, nakiri, ni wa watoto wenyewe. Walichungulia mechi ile kwenye matundu ya mabati ya kibanda umiza, bure, sisi wazazi wao tukiwa tumelipa kiingilio na kukaa kwenye mabenchi. Majina ya wafungaji waliyajua kuliko majina ya mito ya Tanzania. Na bado kesho yake walifika kabla ya jua kukaa sawa, wakafagia, wakakimbia mchakamchaka. Nimejaribu kuwashawishi wa kwangu walau wapige miayo, kwa manufaa ya ombi hili. Wanasema wakipiga miayo darasani wanasimamishwa.

Kuna mechi nyingine ambayo wenzangu hawakutaka niitaje kwa sababu haikuwa mechi. Jumatatu, 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya riadha mjini Tokyo. Mtanzania wa kwanza kubeba dhahabu ya mashindano hayo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata akaandikiwa muda uleule. Ikabidi wapimwe kwa sehemu za mia za sekunde, na sehemu tatu ndizo zilizomtenga bingwa na mwenzake. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, hivyo Simbu alikata utepe huku kwetu ikiwa usiku, inaelekea saa kumi alfajiri, siku ya shule. Ingekuwa tunadai kulala kwa ajili ya heshima ya taifa, hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu. Kibanda umiza kilikuwa na kufuli. Hakuna aliyekesha, hakuna aliyechelewa, na wengi wetu tulizipata habari hizo tukiwa tayari kazini. Wa benchi la pili wanasema riadha haina uchambuzi: mtu anakimbia, anafika, basi.

Nawajibu kwamba sisi wa Moshi ndio wa mwisho kuruhusiwa kusema hivyo. Tangu 2003 tuna Kilimanjaro Marathon yetu, Jumapili moja ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, pale Chuo Kikuu cha Ushirika. Hoteli zinajaa, barabara zinafungwa, bodaboda wanatajirika kwa siku mbili. Wanaokimbia kilomita 21 hupandishwa barabara ya Mweka. Ni mteremko kwa anayeshuka, kwa anayepanda ni mateso. Nimewaona watu wazima wenye viatu vya bei ya ng'ombe wakisimama njiani wameshika viuno, wakimwagiwa maji na kupigiwa makofi. Wamelipa ada ili wapandishe pale. Akifika mwisho, hata awe wa elfu ngapi, anavalishwa medali. Aliyechelewa anapigiwa makofi zaidi ya waliowahi, na mtangazaji anamwita shujaa.

Watoto wanasimama kando ya barabara wanashangilia. Jumatatu wanapandisha na kushuka milima ileile wakiwa na kidumu, ufagio na mabegi, na kwenye mwisho wao wa mbio anayewasubiri ni mwalimu wa zamu.

Ndugu, tusipoamua sasa tutaumbuka. Ratiba ya Kombe la Dunia la 2026 imeiweka fainali Jumapili, 19 Julai, saa tisa mchana kwa saa za New York, yaani saa nne usiku kwetu. Weka dakika za nyongeza, weka penalti, weka kukabidhiwa kombe na kulia kwa walioshindwa, umevuka saa saba. Na Julai huku mlimani ni ukungu na baridi inayomfanya hata jogoo asite. Kisha iko AFCON ya 2027, ambayo Tanzania imepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000, kilomita kama themanini tu kutoka hapa. Walimu watakaokwenda Arusha jioni na kurudi na Noah ya mwisho hawatakuwa watu wa saa moja na nusu asubuhi. Ni afadhali serikali ilijue hilo mapema.

Wako watakaokuambia kwamba saa nne itakula vipindi vinne vya asubuhi, ambavyo ndivyo kichwa cha mtoto kinavyovipokea vizuri. Wako watakaosema uji wa shule utapoa. Mzee mmoja wa kanisani kwetu amesema nchi haiwezi kuendeshwa kwa filimbi ya refa. Yeye hana king'amuzi, kwa hiyo tumemsamehe.

Mwingine, na huyu ni mke wangu, ameisoma barua hii kabla sijaituma. Ameniuliza swali moja: kwa hiyo aliyekesha akitazama mpira anaongezewa saa mbili na nusu, na aliyeamka saa kumi na moja akakuta mfongo umebomoka anaongezewa viboko viwili? Nikamwambia hayo ni mambo mawili tofauti, la mechi ni la kitaifa. Akasema sawa, andika. Hakusema kitu kingine, ila chakula cha usiku kilikuja bila nyama.

Nimelifikisha swali hilo kwenye benchi la pili. Tulikaa kimya kwa muda mrefu kuliko tulivyokaa baada ya bao la tano. Tukakubaliana kwamba kama ombi letu la kwanza litaonekana zito, tuwe na la akiba. Ninaliandika hapa kwa lugha ya kawaida, bila utani.

Shule za ukanda wa juu, kuanzia Machame, Kibosho na Uru hadi Marangu na Rombo, zipewe ruhusa ya maandishi ya kutomwadhibu mtoto aliyecheleweshwa na mvua, mfongo au kijito kilichojaa. Mwenyekiti wa kitongoji anajua njia ipi imekatika. Ampigie simu mwalimu mkuu alfajiri, na asubuhi hiyo kengele isogezwe kwa nusu saa. Haihitaji bajeti wala semina. Daftari la viboko, ambalo kanuni zimelitaka siku zote, lifunguliwe na Afisa Elimu Kata asome safu ya sababu. Akikuta "amechelewa" wakati wa masika, aulize alitokea wapi. Na mwalimu wa zamu awahi kabla ya mtoto anayemhukumu kwa kuchelewa, iwe Yanga imeshinda au imefungwa.

Mkilikubali hilo, la saa nne tunaweza kulifuta. Tutatazama mpira wetu na kuamka na uchovu wetu, kama watu wazima.

Masika yanaanza Machi. Tunaomba jibu kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, benchi la pili,
Uru, Moshi Vijijini.