Nyaya Zote Zadai Ukoo na Betri

Upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na wavu usio na kazi huwa na maneno mengi. Ndivyo alivyokuwa Wavu wa nailoni aliyetundikwa bandani Nchelenge, juu ya Land Rover iliyotoka kiwandani Solihull mwaka 1949. Mwenye gari, bwana mmoja wa Lusaka, ameapa kuirudisha kama ilivyozaliwa, hadi nguo za nyaya zake.

Chini ya boneti palikuwa na baraza. Waya Mkongwe, bado ndani ya vazi lake la kwanza la pamba iliyosukwa, alikuwa akimpokea Panya, aliyevuka maji usiku kutoka Kilwa (kile kisiwa cha ziwa hili, si ule mji wa Kilwa ulioko ng'ambo ya Kongo) ndani ya gunia la dagaa waitwao chisense.

"Shikamoo, bibi," alisema Panya, huku akimkagua kwa macho.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo hapo, usisogee. Nasikia wewe na pamba hamwachani."

"Siili mimi, bibi. Natandikia watoto."

Waya akajinyoosha, punje mbili za mpira mkavu zikamdondoka, akaanza kusimulia ukoo wake bila kuombwa. Katika magari ya Kiingereza yaliyotumia vifaa vya Lucas wa Birmingham, alisema, kila waya alivaa rangi ya cheo chake. Kahawia hutoka kwenye betri bila kupitia fyuzi. Mweupe hupitia swichi ya ufunguo. Kijani hupitia swichi kisha fyuzi, na mweusi huishia kwenye bodi. Palipohitajika kutofautisha zaidi, uzi wa rangi ya pili ulipitishwa katikati ya ule wa kwanza, hivyo fundi akitupa jicho tu alijua nani wa taa kubwa na nani wa taa za nyuma.

"Na wewe ni rangi gani, bibi?"

"Kahawia."

"Yule wa taa ya nyuma?"

"Naye kahawia siku hizi," alijibu Waya kwa uchungu. Oili, vumbi na miaka sabini na kitu vimewapaka wote rangi moja. "Hata yule mweusi wa bodi, ambaye tangu azaliwe hajaonja volti, akiulizwa anasema katoka moja kwa moja betrini, na fyuzi ni za watoto wa watu wengine."

"Hao nawafahamu," alidakia Wavu kutoka juu. "Walijaa kwenye foleni ya pantoni pale Chembe, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2008. Kila mwenye lori alikuwa mpwa wa waziri."

Kwenye msumari wa ukutani ilining'inia taa ya chemli, na Utambi wake alikuwa amevumilia vya kutosha. "Binamu," alimwita Waya, "sisi sote ni watoto wa pamba. Mimi kazi yangu naitaja hadharani: nanyonya mafuta, nawaka. Wewe pamba ile ile umeivaa jirani na pampu ya petroli, umelowa oili mpaka kiunoni, halafu unajiita kinga!"

"Pamba inazuia mikwaruzo tu. Kinga ya umeme ni mpira ulio ndani."

"Mpira upi?"

Waya akatazama zile punje mbili sakafuni. Hapo Utambi alikuwa na hoja, na mafundi wa magari ya zamani wanaijua. Mpira wa enzi hizo ulikazwa kwa salfa, na kwa kuwa salfa huila shaba, nyuzi za shaba zilipakwa bati kwanza. Joto la injini huukausha mpira ule hadi ukavunjika vipande vipande, huku nguo ya nje ikibaki nzima. Mnunuzi huona vazi zuri na kusifia. Akiukunja waya kidogo, shoti.

"Hapa ziwani tulishamaliza mjadala huu," alisema Wavu. "Nyavu za pamba zilianikwa kila siku zisioze. Nailoni ilipofika miaka ya 1950, hakuna mvuvi aliyevaa kaniki kuomboleza." Ni kweli, na katika muongo huo huo plastiki ya PVC, ambayo Waldo Semon wa B.F. Goodrich alikuwa ameshapata njia ya kuilainisha mwaka 1926, ilikuwa ikiwavua nguo nyaya za magari.

Lakini bwana wa Lusaka hataki plastiki ionekane. Karibu na Nottingham, huko Sandiacre, kampuni ya Autosparks humtengenezea mtu kama yeye nyaya mpya za PVC zilizosukiwa pamba kwa nje.

"Plastiki ndani, pamba nje?" Waya alitetemeka. "Huo si utapeli?"

"Bibi, pale Ngong Racecourse, Nairobi, kwenye mashindano ya magari ya Concours d'Elegance, nani atakukata tumbo aone ulichomeza?" Panya alicheka.

Utambi akaingiza suala la forodha, kwa sababu ana jambo la kujivunia. Katika orodha ya dunia ya bidhaa, tambi za taa zina namba yao wenyewe, 5908. Waya wenye ganda uko 8544. "Lakini bwana akiagiza nguo tupu bila waya, afisa anaweza kumpeleka 5808, pamoja na mikanda ya kusukwa na marembo ya mapazia. Binamu, utaingia nchini kama pambo!"

Saa hiyo fundi akaja na kamba nyeusi za viatu, zile za duara, alizonunua sokoni Kashikishi. Alivuta nyuzi za katikati, ikabaki ala tupu inayopitisha waya mpya vizuri kabisa. Kisha akawasha kiberiti na kuchoma ncha. Pamba ingetoa majivu na harufu ya karatasi. Hii iliyeyuka, ikajikunja kuwa tone gumu: poliesta. Akaitupa, akampigia simu bwana wa Lusaka kwamba hakuna njia, aagize tu Uingereza.

"Pole, mtani," Utambi alimwambia Panya. "Honda wanauza tepu ya kufungia nyaya iliyotiwa pilipili, maalumu kwa ajili yenu. Fundi akimtajia bwana, umekwisha."

"Ameshamtajia," alijibu Panya. "Bwana ameikataa. Anasema mwaka 1949 haikuwepo. Mungu ampe maisha marefu."