Rudini Nyuma!

Mkomani, hapa Lamu, ina makocha wengi kuliko punda, na punda wetu mwawajua walivyo. Kila baraza lina kocha wake. La kwetu limetawaliwa na ami mmoja, fundi wa majahazi aliyestaafu, ambaye mpira kwake una kanuni moja: ukipata bao, rudi nyuma. Timu ikifunga dakika ya tano, yeye dakika ya sita ashaanza kelele. "Rudini nyuma! Mwaenda wapi? Huko mbee kuna nini?" Mtu huyu hajamiliki hata baiskeli, na mji wenyewe mabasi twayaacha ng'ambo Mokowe, lakini kwa kupaki basi hana mpinzani kisiwa kizima.

Mkabala naye hukaa mpwa wake, kijana wa boti ya abiria, ambaye dawa yake ni mshambuliaji. Timu inaongoza? Ingiza mshambuliaji. Imefungwa? Ingiza wawili. Beki kaumia goti? Mshambuliaji. Mimi hukaa katikati yao, kwa sababu nafasi nyingine hazipo, na kahawa yangu humwagwa na mikono ya pande zote mbili.

Balaa ni kwamba CHAN ya Agosti 2025 ilimpa ami ushahidi. Harambee Stars yetu ya Kenya, chini ya kocha Benni McCarthy, iliifunga DR Kongo 1-0. Siku ya tarehe 10 ikaifunga Moroko 1-0, bao la Ryan Ogam, halafu Chrispine Erambo akala kadi nyekundu kabla ya mapumziko, kipindi kizima cha pili tukakicheza tukiwa kumi. Hapo hata mimi sina neno: ukiwa pungufu mbele ya Moroko, kujazana langoni si woga, ni akili. Tarehe 17 ikawa zamu ya Zambia, 1-0 tena. Ami akawa hasalimiki. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakujibu, "Moja bila."

Sikatai kulinda. Ninachokataa ni kulinda kwa kuiogopa saa, ilhali mpinzani mwenyewe hatishi. Nikamkumbusha San Pedro, Januari 21, 2024, kwenye AFCON. Tanzania yaongoza tangu dakika ya 11 kwa bao la Simon Msuva. Zambia wamebaki kumi tangu dakika ya 44, Roderick Kabwe katolewa. Taifa Stars walishiriki AFCON mara ya kwanza 1980 na walikuwa hawajawahi kushinda hata mechi moja, na ushindi ndio huo, uko mezani. Sasa, ami, nikamwambia, ukiwa na mtu mmoja wa ziada na bado waagiza wote warudi, yule wa ziada atafanya kazi gani? Ahesabu mashabiki? Dakika ya 88, kona ya Clatous Chama, tena wakati huo mchezaji wa Simba ya Dar es Salaam, na kichwa cha Patson Daka. Moja kwa moja.

Ami alikunywa kahawa taratibu, akafuta masharubu. "Hawakurudi vya kutosha."

Hebu niambieni, mtu kama huyo utamshinda na hoja ipi? Bao likiingia, walirudi kidogo. Lisipoingia, si mwaona, walirudi. Na mpwa wake naye ni yale yale. Kila akibanwa hukimbilia fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 1999 pale Barcelona, Ferguson wa Manchester United alipowaingiza Sheringham na Solskjaer na wote wawili wakawafunga Bayern ndani ya dakika za nyongeza. Mwaka huo kijana hajazaliwa, lakini husimulia utadhani ndiye aliyebeba chupa za maji. Nikimtajia fainali ya Euro pale Wembley, Julai 11, 2021, kocha wa Uingereza Southgate alivyosubiri mpaka mwisho kabisa wa muda wa ziada ndipo akawaingiza Rashford na Sancho wapige penalti, wakakosa wote wawili, basi ghafla ana safari ya Shela. Si uliomba washambuliaji, bwana? Hao hapo!

Ikafika Ijumaa ya tarehe 22 Agosti, robo fainali ya CHAN, Kasarani, dhidi ya Madagaska. Dakika ya 48 Alphonce Omija akafunga. Ami alisimama, mkono juu, na kabla hajafungua kinywa tukajua anachotaka kusema. Punde adhana ya Magharibi ikatukuta kipindi cha pili kikiendelea. Baraza lote likainuka, runinga ikabaki peke yake na vikombe.

Tuliporudi ilikuwa 1-1. Razafimaro alikuwa ashafunga kwa penalti dakika ya 69. Katika watu wote wa baraza lile hakuna hata mmoja aliyeona kilichotokea, na hilo halikumzuia yeyote. "Walipanda!" ami alifoka. "Waliganda!" mpwa akajibu. Walibishana juu ya bao hilo muda wote wa ziada, migongo wameipa runinga, mpaka penalti zikapigwa na Madagaska wakapita kwa 4-3.

Ami alikaa kimya hadi baada ya Isha, kisha akatoa hukumu: kosa lilikuwa lile bao la Omija. "Tumewaamsha wenyewe."

"Sasa tungeshinda vipi bila kufunga?"

"Nani kazungumzia kushinda? Mimi nazungumzia kutofungwa."

Madagaska waliendelea mpaka fainali, tarehe 30, wakafungwa na Moroko 3-2. Kesho yake mpwa alifika barazani mapema, kifua mbele, akakaa mahali pa ami. "Waona, ami? Ubingwa huchukuliwa kwa mabao. Matatu!"

Ami alimtazama kwa huruma. "Bingwa gani huyo, mwanangu, afungwa mawili?"